Kasa-Vubu angalibaki: -ngali- na -nge- katika historia ambayo haikutokea

Mwaka jana, nikiwa katika staji ya ualimu kwenye sekondari moja hapa Bukavu, niliwapa wanafunzi wa darasa la tano zoezi ambalo nililiona jepesi: kila mmoja aandike sentensi moja juu ya historia ya nchi yetu, akitumia -ngali-. Nilijua mapema watakachoandika. Daftari baada ya daftari nilikuta Lumumba: Lumumba angaliishi, Kongo ingaliendelea, Lumumba asingaliuawa, tungalikuwa matajiri. Sarufi yao ilikuwa safi, nikawapa wote pointi mbili juu ya mbili.

Daftari moja tu lilikuwa na kitu kingine. Msichana wa benchi la nyuma aliandika: «Kasa-Vubu angalikuwa na jeshi lake, leo tungekuwa na nchi nyingine.» Nilipoisoma kwa sauti darasa lilicheka. Mmoja akauliza, «Ule wa kunyamaza?» Nami nikapiga mstari mwekundu chini ya tungekuwa, nikaandika pembeni: usichanganye -ngali- na -nge-. Sifuri juu ya mbili.

Makala haya yametokana na sifuri ile. Nimekuja kuona kwamba ile ilikuwa sentensi bora kuliko zote za darasa, kwa sarufi na kwa historia pia, na kwamba makosa mawili yale, la kwangu na la waliocheka, yana mzizi mmoja.

Nianze na sarufi. Kanuni tuliyorithi inajulikana na kila aliyepita katika kitivo hiki. Kiambishi -nge- ni cha sharti ambalo halijatimia ila lingeweza kutimia sasa: ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu. Kiambishi -ngali-, au -ngeli- kwa wengine, ni cha sharti ambalo wakati wake umekwisha pita na mlango wake umefungwa: ningalikuwa na pesa, ningalinunua kitabu. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya mwaka 1944 imelea walimu wengi, alizitofautisha hivyo, na vitabu vya shule vimefuata. Katika mazungumzo wasemaji wengi wa pwani na wa bara hawaishiki tena tofauti hiyo. -Nge- imeenea pote. Kisha walimu wameongeza katazo: kiambishi cha kishazi cha sharti lazima kiwe kilekile cha kishazi cha matokeo.

Kwa anayejifunza, katazo hilo lina faida. Lakini tazama sentensi ya msichana. Sharti lake liko mwaka 1965, na halibadiliki tena. Matokeo yake yako leo, asubuhi ile ile alipokuwa ameketi benchi la nyuma. Akitii katazo langu, ataandika nini? «Angalikuwa na jeshi, leo tungalikuwa na nchi nyingine» inaivuta leo hadi kaburini. «Angekuwa na jeshi, leo tungekuwa na nchi nyingine» inamfufua Kasa-Vubu, kana kwamba yuko Kinshasa anasubiri askari. Kifaransa, ambacho hao hao wanafunzi hukisoma saa inayofuata, kinaruhusu jambo hili bila ubishi: sharti katika wakati uliopita kabisa, matokeo katika wakati uliopo, na mwalimu wa Kifaransa hapigi mstari mwekundu.

Upande wa pili pia unawezekana. Nikisema «Kasa-Vubu angekuwa mtu wa maneno mengi, angaliwaita watu barabarani siku ile», sharti ni tabia ya mtu, kitu kisicho na tarehe, na matokeo ni ya siku moja iliyopita. Sioni kosa hapo. Kila kishazi kina wakati wake, na kila kimoja kichukue kiambishi cha wakati huo.

Sasa kile kicheko.

Wamarekani wana mchezo wanaoupenda, wa kumchukua rais waliyemsahau na kumwazia ukuu. James Garfield huwafaa sana: aliapishwa Machi 1881, akapigwa risasi Julai, akafa Septemba, na kwa kuwa hakupata muda wa kukosea, mtu anaweza kumpa matendo yoyote mema anayotaka. Sisi Wakongo tuna Lumumba kwa kazi hiyo. Serikali yake ilidumu wiki chache tu kabla ya kuvunjwa, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na kifo kile kimeifanya -ngali- kuwa kama jina lake la ukoo. Siandiki kumpunguzia chochote. Nasema tu kwamba neno «kuendelea» katika «Kongo ingaliendelea» halina tarehe wala mahali, na hakuna anayeweza kulipima. Rais aliyekaa miaka mitano ni mgumu zaidi kuotea ndoto, kwa sababu ametuachia rekodi, na rekodi inakataa matokeo mengine.

Joseph Kasa-Vubu alichaguliwa na mabunge mawili mwezi Juni 1960 kuwa rais wa kwanza wa nchi hii, akiwa amemshinda Jean Bolikango. Mtu wa Mayombe, mwanafunzi wa zamani wa seminari, mtu wa sauti ndogo. Kwa sisi wa kitivo cha lugha kuna jambo moja katika maisha yake ambalo lilipaswa kuning'inia kwenye ubao wetu wa matangazo: aliingia siasa kwa mlango wa lugha. ABAKO, chama alichoanza kukiongoza mwaka 1954, kilianzishwa mwaka 1950 na Edmond Nzeza-Nlandu kuwa shirika la kuunganisha, kuhifadhi na kueneza Kikongo. Ni kwenye shirika hilo la lugha, mwezi Agosti 1956, ambapo jibu lilitoka kwa wale waliokuwa wakijadili mpango wa miaka thelathini wa Profesa Van Bilsen: ABAKO ilidai uhuru papo hapo. Tarehe 20 Aprili 1958, akisimikwa kuwa burgumestre wa komini ya Dendale mjini Léopoldville, Kasa-Vubu alidai uchaguzi mkuu na mamlaka ya ndani mbele ya wakoloni waliokuja kumpongeza. Na mkutano wa ABAKO uliozuiwa ndio uliowasha ghasia za tarehe 4 Januari 1959, siku ambayo bado ni sikukuu kwetu.

Hapa ndipo nilipojaribiwa. Niliandika katika rasimu ya kwanza: rais aliyetoka katika shirika la lugha angalibaki, lugha zetu zingekuwa leo ndani ya mahakama na amfiteatri. Sentensi ina viambishi viwili, kila kimoja mahali pake, na sarufi yake haina doa. Lakini rekodi inaikataa. Alikuwa rais miaka mitano na ofisi za serikali zilibaki na Kifaransa chao. Nikaifuta. Sarufi inatupa kibali cha kuunganisha sharti na matokeo, lakini haitupi uzi wa kuyaunganishia. Uzi lazima utoke mahali pengine.

Wala sitaki kumsafisha. Tarehe 5 Septemba 1960 alisimama redioni kumfuta Lumumba kazi, na ulimi wake ukateleza: badala ya kumwita waziri mkuu, akamwita burgumestre mkuu, kana kwamba bado yuko Dendale. (Watu wa pragmatiki wanaweza kuandika tasnifu juu ya mtelezo huo.) Siku tisa baadaye Kanali Mobutu alitangaza kuwaweka wote wawili pembeni, ila Kasa-Vubu alibaki kwenye kiti, na Lumumba akapelekwa Katanga kufa huku yeye akiwa ndiye rais. Sharti lolote linaloanzia mwaka 1960 linapita katika damu hiyo, nami sijapata namna ya kuliandika bila kudanganya.

Kwa hiyo nauchukua mlango wa msichana: mwaka 1965.

Mwaka huo nchi ilikuwa na katiba mpya, ile ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti 1964, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi wenyewe, yenye majimbo 21 na mgawanyo wa madaraka kati ya jimbo na taifa. Waziri mkuu alikuwa Moïse Tshombe, aliyeleta mamluki wa kizungu kupigana na uasi wa mashariki. Tarehe 13 Oktoba Kasa-Vubu alimfuta Tshombe, akamweka Évariste Kimba. Wiki hiyo hiyo alijitayarisha kwenda Accra, ambako Nkrumah alikuwa mwenyeji wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika. Huko Accra, mtu yule wa kunyamaza alisema jambo ambalo wengi hawakulitegemea: mamluki watarudishwa kwao.

Maneno hayo yalifanya kazi, na yalifanya kazi karibu sana na hapa. Katika milima ya Fizi, katika hili hili jimbo letu la Kivu Kusini, Che Guevara alikuwa na Wakuba wake tangu mwezi Aprili. (Jina lake la vita lilikuwa Tatu, kwa sababu walipeana majina kwa kuhesabu kwa Kiswahili, na yeye alijipa namba ya tatu.) Serikali ya Tanzania, ambayo njia zote za kuwafikia zilipita kwake, iliona baada ya Accra kwamba hali imebadilika: ikiwa Kongo inawaondoa wageni wake, na wageni wa upande wa pili waondoke. Ujumbe ukafika milimani mwanzoni mwa Novemba. Usiku wa tarehe 21 Novemba Wakuba walivuka Ziwa Tanganyika kurudi Kigoma.

Siku tatu. Tarehe 24 Novemba 1965 makamanda wa jeshi walikutana Léopoldville, na asubuhi iliyofuata nchi ilisikia kwamba Mobutu ni rais. Bunge lilikuwa limemkataa Kimba tarehe 14, Kasa-Vubu alikuwa amemteua tena, na mkwamo huo ndio uliotolewa kuwa sababu. Kasa-Vubu hakupigana. Alirudi kwao, akaishi Boma, akafa huko tarehe 24 Machi 1969. Kimba alinyongwa hadharani mwezi Juni 1966. Mobutu, aliyesema anaomba miaka mitano, alikaa hadi 1997.

Kwa hiyo mapatano yalikuwa na miguu miwili, na mmoja tu ndio uliotembea. Wakuba wa Fizi waliondoka. Mamluki walibaki.

Kila mzee wa Bukavu anajua walichofanya. Mwezi Julai 1967 waliasi dhidi ya Mobutu huyo huyo aliyewaweka. Mwezi Agosti Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na mashamba, aliuteka mji huu na watu wake, akaushika hadi mwanzoni mwa Novemba, jeshi likimshambulia kutoka pande zote, ndipo akavuka Ruzizi kuingia Rwanda. Miezi mitatu mji wetu ulikuwa uwanja wa vita wa watu ambao rais mmoja, miaka miwili nyuma, alikwisha kuahidi kuwaondoa.

Hapa uzi upo. «Kasa-Vubu angalibaki, mamluki wangaliondoka, na Bukavu isingaliharibiwa 1967.» Sharti lina tarehe, tokeo la kwanza lilikuwa limeahidiwa hadharani, na tokeo la pili linapimika kwa nyumba na makaburi. Bado mtu anaweza kubisha, na ni haki yake. Ahadi ya Accra si tiketi ya ndege. Waasi wa mashariki walikuwa hawajaisha, jeshi lilikuwa linawahitaji mamluki, na rais asiye na kikosi hata kimoja angaliwaondoaje watu wenye bunduki? Ndiyo maana msichana hakuandika «angalibaki» kama mimi. Aliandika «angalikuwa na jeshi lake». Aliweka kidole pale pale panapouma, na mimi nikaona kiambishi tu.

Nilimpelekea babu yangu swali hilo, maana mwaka 1967 alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili pale Kadutu. Sikumwambia kwamba nachunguza viambishi. Nilimuuliza tu, «Babu, Kasa-Vubu alikuwa mtu wa namna gani?» Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Alikuwaka mutu wa kimya. Kama Kasa-Vubu alibakiaka, bale bazungu bangerudi kwabo mbele ya kutuharibia muji.»

Niliiandika haraka nyuma ya risiti. Kwa masikio ya mwalimu wa sanifu, sentensi ile ina makosa kila hatua: ba- badala ya wa-, mbele ya badala ya kabla ya, na sharti halina -ngali- wala -nge-. Lakini isikilize kama mwanaisimu. Kishazi cha sharti kina kama, kina -li- ya wakati uliopita, na kina ile -aka ya mwisho ambayo Kiswahili chetu hukipa kitenzi kwa mambo ya kale au ya mazoea. Kishazi cha matokeo kina -nge-, ingawa tokeo lenyewe ni la 1967 na si la leo. Maana yake ni kwamba kwa babu -nge- haisemi wakati hata kidogo. Inasema tu: hili halikutokea. Kazi ya wakati imefanywa na -li-, iliyosimama peke yake katika kishazi cha kwanza.

Sasa irudie -ngali- ya vitabuni. Kwa umbo lake, nayo inafunga vitu viwili katika fundo moja: kutotokea, na kupita kwa wakati, pamoja na silabi ya mwisho inayofanana na -li- yetu. Pendekezo langu, nalitoa ili walimu wetu walipinge, ni kwamba Kiswahili cha Bukavu hakikupoteza -ngali-. Kimelifungua fundo, kikaweka kila uzi mahali pake. Na fundo likishafunguliwa, katazo la kuchanganya halina tena pa kushika, kwa sababu wakati unatajwa waziwazi katika kila kishazi. Msichana wa benchi la nyuma anazungumza lugha hiyo nyumbani. Alipoandika sanifu alileta ndani yake uhuru ule ule: wakati wa jana upande huu, wakati wa leo upande ule.

Kuna umbo jingine ambalo sikuweza kuacha kulifikiria nilipotoka kwa babu. Katika sanifu, «angali» pekee yake, bila -kuwa, ina maana ya kudumu: angali mtoto, yaani bado ni mtoto, angali hai, bado yu hai. Ongeza kitenzi na kila kitu kinageuka: angalikuwa hai, maana yake amekufa. Mtu akiandika «Kasa-Vubu angali rais» amesema bado yuko madarakani. Akiandika «Kasa-Vubu angalikuwa rais» amesema si rais. Wanafunzi hukosea hapo kila mwaka, nami nilikuwa nawasahihisha bila kuwasikiliza. Katika komini ya zamani ya Dendale, ambayo leo inaitwa Kasa-Vubu, watu wanapanda teksi, wanatoa jina lake na kulipa nauli. Ni katika -ngali- zetu tu ndipo hayumo.

Kuna kitu kingine katika sentensi ya msichana ambacho nimekiona mwisho kabisa, nacho ni «nchi nyingine». Kwa Kiswahili maneno hayo yana maana mbili: nchi ile ile iliyobadilika, au nchi tofauti, iliyotengana. Kwa Kasa-Vubu utata huo si mchezo wa maneno. ABAKO ya mwaka 1959 ilizungumza waziwazi juu ya jamhuri ya Kongo ya Kati kwa watu wake, na baadaye yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti cha nchi nzima na kutia sahihi katiba ya majimbo. Angalikuwa na jeshi lake: jeshi la nani? La taifa, au la Bakongo? Sisi wa mashariki, tuliokwisha kuona majeshi ya kila jina yakipita katika barabara hizi, tunalijua swali hilo. Katiba ya mwaka 2006 imerudi kwenye majimbo mengi, 26 pamoja na Kinshasa, karibu na yale 21 ya Luluabourg, na imezitaja Kikongo, Kiswahili, Lingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Ubishi wa «nchi nyingine» kwa maana zote mbili bado uko mezani.

Juma la mwisho la staji nilirudi na daftari lile. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba nilikosea, nikafuta sifuri, nikaandika mbili juu ya mbili, na kwa kuwa kalamu ilikuwa ile ile nyekundu alama ilionekana chafu kidogo. Nilimwomba aniambie ni maana gani ya «nyingine» aliyokusudia. Alilitazama daftari kwa muda.

«Mwalimu,» akasema, «mbona uliuliza juu ya kiambishi tu?»

Kisha akataka kujua iwapo Kimba naye angaliishi.